Siku Niliyowashusha Wanajeshi Bangwe

Ndugu zangu, kabla sijaanza, mama pale mbele shika mbavu zako kabisa, maana habari hii inanionyesha mjinga tangu mwanzo mpaka mwisho, na mimi mwenyewe nimetafuta mahali pa kujificha ndani yake sijapaona. Ningeweza kuipamba. Kupamba najua sana, ndiko kulikoniangusha.

Wengine mnanijua kwa sauti. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri picha kwenye banda la video kule Rusimbi. Kazi yenyewe mnaijua: picha ni la Kichina au la Kizungu, watu hawaelewi, basi mtu anakaa pembeni ya televisheni na maiki, anawaambia steringi kasema nini na adui kajibu nini. Sasa mtaniuliza, wewe na darasa lako la saba, Kichina ulikisomea wapi? Sikukisomea popote. Hata Kiingereza changu ni cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Nilikuwa naangalia midomo inavyocheza, natunga.

Na watu walinipenda, tusidanganyane. Utani wangu ulikuwa kuleta kila kitu Kigoma. Mji wowote ukitokea kwenye picha, nauita Mwandiga. Adui akivaa suti, nasema huyo ni bwana mkubwa kahamishiwa hapa toka Dodoma, hajui hata samaki wetu wa mgebuka analiwa vipi. Watu wanalia kwa kucheka. Wafanyakazi wa serikali nao wamo humo humo, wanacheka kuliko wote.

Kati ya wateja wangu alikuwepo bibi mmoja, alivuka ziwa kutoka Kongo kipindi kile cha vita, boti zinashusha watu kila wiki. Alikuwa anakaa na binti yake, wamepanga Bangwe, kule ufukweni. Macho yake yalikuwa na ukungu, anatofautisha mwanga na giza, basi. Binti yake anauza dagaa sokoni, akipita mchana anamwacha bibi kwetu, benchi la mbele, jioni anamfuata. Siku ya kwanza nikamuuliza, "Shikamoo bibi. Sasa picha utaliona vipi?"

"Marahaba. Macho ni wewe, mutoto. Sema tu, miye nasikia."

Nikacheka. Nilidhani ananisifia.

Picha alilolipenda, na mimi nalipenda mpaka leo, ni la Kichina. Mpishi wa tambi anamtafuta binti yake aliyepotea kwenye mafuriko. Kila mji anaofika anatandika jiko anapika, anategemea binti atatambua ladha ya mchuzi wa baba yake. Mapigano ni matatu tu, vijana walikuwa wanalalamika. Nawaambieni, mkilipata liangalieni. Yule mzee ana namna ya kuonja mchuzi halafu anatazama mlangoni, hasemi kitu, na mimi na domo langu nilikuwa namjazia maneno pale pale. Ujinga huo.

Sasa siku hiyo tuko katikati ya mpishi, deki ikatafuna kanda. Mwenye banda akaichukua kwenda kuinyoosha, akaniambia weka lingine. Nikaweka la vita. Wanajeshi wanapanda boti, maji makubwa, ukungu. Watu wamenuna wanamtaka mpishi wao, nikaona ngoja niwachangamshe. Nikashika maiki: "Jamani, boti zimefika Bangwe. Wanashuka hao. Wanapandisha na barabara, wanakuja huku huku Rusimbi."

Banda zima likacheka. Lilicheka kwa sababu lilikuwa linaona. Linaona Wazungu wenye kofia za chuma, linaona theluji, linajua Bangwe theluji haijawahi kufika. Bibi hakuiona theluji. Bibi alikuwa na sauti yangu tu.

Nilimwona anainuka, anapapasa ukuta, anatoka. Nikajua anakwenda kujisaidia. Nikaendelea kuua watu.

Picha limeisha, binti yake akaja na beseni lake. "Mama yuko wapi?"

"Katoka kidogo, dada."

Akatazama benchi. Bakora ya bibi ilikuwa pale pale. Dada akaweka beseni chini taratibu, na mimi pale pale nikajua. Ndugu zangu, hapa ndipo ninapoona aibu. Nilijua, nikanyamaza. Watu walipouliza alitokaje, nikasema alitoka tu. Niliogopa kusema nilichosema.

Basi kila mtu akafikiri, mtu mzima akitoka anarudi kwake. Tukateremka wote Bangwe. Nyumbani hayupo, kwa majirani hayupo. Mzee mmoja akasema twende polisi, dada akasema hapana, sisi vibali vya kukaa mjini hatuna, watatupeleka kambi ya wakimbizi na mama hajapatikana. Tukaenda ufukweni. Mvuvi mmoja akachukua upondo wake, ule mti wa kusukumia mtumbwi, akaanza kuchoma maji kando ya mitumbwi, polepole, anachoma, anasikiliza. Dada akakaa kwenye mchanga. Hakulia. Alikuwa anautazama ule upondo.

Nikashindwa. Nikamwendea. "Dada, mimi ndiye niliyemtoa."

"Ulimtoaje?"

"Nilisema wanajeshi wameshuka Bangwe. Ilikuwa picha. Nilikuwa nataka watu wacheke."

Nilikaza shavu nikisubiri kofi. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Ulisema Bangwe?"

"Ndiyo."

"Basi hawezi kuja Bangwe." Na alikuwa ameshasimama anatembea.

Saa nzima tulikuwa tunamtafuta mahali pekee ambapo maneno yangu yalimzuia kwenda. Tukashika njia ya Mwandiga, ile inayoliacha ziwa, tunaulizia. Mama mmoja wa mihogo ya kuchoma akasema, kuna bikizee kapita pembezoni, anafuata sauti za magari, nikamsalimia hakuitika. Tukakimbia. Pale nyumba zinapopungua na mashamba yanapoanza, nikaona kanga kwenye shamba la mihogo. Amelala kifudifudi, kiatu kimoja hana, mguu unatoka damu, mdomo kauziba kwa kanga asisikike akihema.

Jua lilikuwa bado lipo. Nikasema, "Bibi, ni mimi."

Akanikamata mkono, akanivuta kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Lala chini, mutoto. Watakuona."

Nikalala, ndugu zangu. Kwenye matuta, na suruali yangu ya kuvutia wateja. Akaniwekea mkono juu ya kichwa. Yeye ananificha mimi. Nikamwambia, "Bibi, hakuna wanajeshi. Ni picha." Akasema, "Ni sauti yako ilisema." Nikabaki nimelala pale pale. Mpaka binti yake alipofika, akampangusa uso na kumsemesha kwa lugha yao, ndipo bibi akakubali kuinuka. Mimi hakunisemesha tena.

Baada ya pale maiki ilinishinda. Nikiishika, naiweka chini. Mwenye banda akavumilia, akachoka, akaweka mtu mwingine. Nikawa nashinda ndani, natazama bati. Rafiki zangu wakija wanasema tupe hata kimoja cha kuchekesha, nawaambia tokeni. Mama yangu akafikiri nimelogwa, kila mchana anakuja kuniamsha. Nilikonda mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Mnacheka, lakini mkanda huo huu hapa nimeuvaa.

Nilikaa hivyo muda mrefu. Siku moja dada akasimama mlangoni kwetu, hajakaribishwa hajakaa. "Mama anauliza, yule mpishi, binti yake alimpata?"

Nikasema sijui, mwisho wa kanda sikuwahi kuufika, kila mara deki ilikuwa inaitafuna kabla.

"Basi kaangalie, uje umwambie."

Nikaenda bandani, nikaomba niwekewe kanda ile asubuhi kabla watu hawajaja. Nikaangalia kimya, mara ya kwanza maishani mwangu. Halafu nikateremka Bangwe. Bibi alikuwa mkekani, anachambua mchele kwa vidole. Nikaanza kumwambia mpishi kasema hivi, akanisimamisha.

"Unajua maneno yao?"

"Hapana, bibi."

"Basi sema unachoona. Usichojua, sema sijui."

Nikamsimulia hivyo. Anaingia mwanamke mtu mzima, anaketi, anakunywa mchuzi, anaacha kunywa. Kasema kitu, sijui nini. Mpishi kijiko kimemwanguka. Bibi akaacha mchele. Dada naye alikuwa kasimama mlangoni na beseni lake, anasikiliza.

Nikarudi kila siku. Nikamsimulia la Kihindi la dobi anayefua nguo za harusi ya mchumba wake mwenyewe. Nikamsimulia la babu na punda wake wa kubeba chumvi, picha zima halina maneno hata kumi, na ndilo lililonichosha kuliko yote kulitafsiri. Hayo matatu nawapa bure, yatafuteni. Kazi ikanirudia kidogo kidogo, mpaka mwenye banda akanirudishia maiki. Utani bado nautia, nisipoutia nitaumwa. Ila kwanza nasema kilichopo, na vita siileti Kigoma.

Namshukuru dada yule, ambaye angeweza kunipasua, lakini akanipa kazi. Namshukuru mvuvi, mama wa mihogo, na mama yangu aliyeninyima kulala mchana. Ninachowaachia ni hiki: ukishajua umekosea, sema mapema, wakati watu bado wanatafuta. Mimi saa yangu moja ya aibu ilimweka mtu mzima kifudifudi shambani.

Bibi alirudi bandani wiki ya pili baada yangu, binti kamshika mkono. Nikatafsiri picha la Kizungu, nikasema sijui mara nyingi mpaka vijana wakaanza kunihesabia. Lilipoisha nikamsogelea, nikamuuliza kama amechoka.

"Sijachoka," akasema. "Kesho uniwekee lile la wanajeshi. Nilitoka halijaisha."