Jina la Etiye Aregash Limetoka Nje

Kijiwe cha Zinash kiko Gondar, pale ukuta wa posta ulipobomoka ukaacha mawe ya kukalia watu wanne, watano wakipendana. Zinash humwaga majani mabichi chini, hukaanga buni, hugawa bisi, na habari za watu hujipika zenyewe. Jumanne ile wazee wawili walikuwa wameshakaa: Gashe Admasu, tunayemwita Antena kwa kuwa kila neno la mji hupita kwake kwanza, na Gashe Birku, anayeitwa Hakimu kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi, akakaa siku tatu, hakuulizwa kitu. Etiye Aregash, tunayemwita Etiye kwa heshima ya umri wake, alikuja wa mwisho, mtandio wake wa netela kaufunga kichwani kama mtu anayeumwa jino. Hakusalimia.

— Hirizi yangu imeonekana Washington, alisema.

Zinash akaacha kupepea makaa.

— Imefikaje huko? Si umeilaza chini ya godoro?

— Ngozi iliyoandikwa iko chini ya godoro. Picha ndiyo imetembea. Wale watu wa maktaba waliokuja kabla ya Kwaresima, si walisema wanapiga picha maandishi ya kale yasiliwe na panya? Nikawauliza, hiyo maktaba yenu ina mlango? Wakasema upo. Nikaridhika, mjinga mimi! Kumbe iko mtandaoni, bure, anaingia anayetaka. Na chini ya picha wameandika mtaa wetu, asipotee mtu. Mwanangu kaniambia jana kwenye simu, tena anacheka.

— Na jina? aliuliza Hakimu kwa sauti ya chini.

— Si ndilo linalonitoa roho! Jina langu la ubatizo limo mara saba, kwa wino mwekundu.

Jina la ubatizo si la kuitwa barabarani. Analijua padri, analijua mama aliyekuzaa, analijua debtera, yule msomi wa kanisa aliyekuandikia hirizi. Akilipata mwenye chuki, anakwenda kwa debtera mwingine, anakufungia nalo tumbo, macho, hata bahati. Aregash alilificha miaka sitini na miwili. Marehemu mumewe alikufa hajalijua, na si kwamba hakuuliza.

— Mwambie mwanao awaombe waitoe, alisema Zinash.

— Kasema niache ushamba.

— Lakini Etiye, Washington una adui gani?

— Washington sina adui. Namwogopa Mulunesh.

Wote wakaguna. Mulunesh ndiye aliyekuwa amechumbiwa na mume wa Aregash, kabla Aregash hajapita na mtungi wake wa maji. Na kaka yake Mulunesh ni debtera.

— Mulunesh hana simu ya picha, Antena alimtuliza.

— Alinunuliwa moja Pasaka.

— Ee, Mama Maria!

Kahawa ya kwanza ikagawiwa. Aregash akaishika, hakuinywa.

— Sikiliza, Etiye, alisema Antena. Mtandaoni kitu hakikai mahali pamoja. Kikitazamwa China, nakala inabaki China. Kwa hiyo jina lako sasa hivi liko kila nchi, kipande kipande.

— Ndiyo maana nimeamka nimechoka!

— Afadhali kuchoka, Hakimu akadakia. Nimewaona hawa vijana. Wakitaka kukuza picha wanaweka vidole viwili, wanavuta hivi. Sasa wanavuta nini? Jina! Mgongo unakuuma?

— Tangu Jumapili!

— Basi. Kuna mtu anakuza.

Zinash naye hakutaka kupitwa.

— Je, na betri ikimwishia mtu wakati wewe umo ndani ya simu yake?

— Zinash! Funga mdomo!

Aregash alimgeukia ghafla, kahawa ikamwagikia netela.

Kwenye jiwe la mwisho alikuwepo muuguzi mmoja, mgeni wa kijiwe, anakunywa kahawa huku akisubiri bajaji. Alishindwa kuvumilia.

— Samahani, Etiye. Kufungwa kwa jina ni mambo ya zamani. Lakini kama hutaki lionekane, maktaba hizi zina mahali pa kuombea kitu kiondolewe. Nitakuombea mimi, sasa hivi.

Aregash alimwombea baraka za malaika wote. Muuguzi akabonyeza, akabonyeza, akatabasamu.

— Nimeipata maktaba. Hirizi za mtaa wenu ziko kumi na tisa, zimepangwa kwa majina. Niandike jina gani?

Zinash alikuwa ameinamisha birika, hamimini. Antena alisukuma kofia nyuma ya sikio. Hakimu alitazama mawingu, ila mwili mzima umeegemea upande huu. Aregash akawapitia mmoja mmoja, watu aliokunywa nao kahawa miaka thelathini, na kwa mara ya kwanza akawaza kwamba Zinash na Mulunesh wako chama kimoja cha kuzikana.

— Andika kwanza lako, alisema taratibu. Nione linavyokaa.

— Langu?

— La ubatizo. Si umesema ni mambo ya zamani?

Muuguzi alicheka. Kisha akaacha kucheka. Kidole kilibaki juu ya kioo, hakishuki. Bajaji ikapita tupu, hakuisimamisha.

— Nakusubiri, binti, alisema Etiye Aregash.

Muuguzi akaigeuza simu kifudifudi juu ya paja lake.