Lebo za Bi Pindo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi wa mifarishi. Mfarishi ni lile shuka nene la viraka: juu vitambaa vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana. Fundi huyu tulimwita Bi Pindo, kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na minne. Na kwa kuwa familia imenitaka niseme ukweli, niseme mapema: alikuwa mama wa kuchosha.

"Sema hivyo hivyo," binti yake mkubwa aliniambia. "Mama alinichosha. Na mimi nilimchosha."

Binti huyu ni karani wa shule. Ndiye aliyetengeneza lebo za mifarishi ya mama yake, miaka kumi na tisa mfululizo. Lebo ni kipande cha kitambaa cheupe, ukubwa wa kiganja. Binti alikikata, akakipiga pasi, akaandika kwa penseli, kisha akadarizi kwa uzi, herufi baada ya herufi: nani kashona, mwaka gani, kwa ajili ya nani, na neno la heri. Mama ndiye aliyeshona lebo hiyo nyuma ya mfarishi, pembeni, kwa mishono midogo usiyoweza kuiona.

Hakuwahi kuisifu hata moja. Alipoletewa lebo, aliigeuza kwanza akakagua mafundo. "Nyuma pachafu," anasema. Binti alimwomba asome maneno, asije akawa amekosea jina la mtu. Mama anajibu kwamba miwani iko chumbani. Binti akiuliza miwani iko wapi, kila mara iko chumbani. Miwani hiyo hiyo, wasikilizaji wapendwa, alikuwa nayo puani akitunga uzi kwenye sindano.

Kisha lilikuwapo sharti la rangi. Kila lebo na uzi wa rangi yake, na binti akiileta aitaje ni ya nani. Akipelekewa mbili za rangi moja, anazirudisha, na hasemi kwa nini. Binti aliona ni ukaidi mtupu, akafuata ili nyumba itulie.

Sasa ikafika wiki moja ya mambo mengi. Bi Pindo alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mwalimu mkuu wa shule ile anayofanyia kazi binti alikuwa anastaafu, na walimu wakamwagizia mfarishi. Wiki hiyo hiyo, mke wa muuza dawa wa mtaani alijifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto ndiyo kwanza ametoka hospitali, mdogo kama kifaranga. Naye akaagiziwa mfarishi. Mifarishi miwili, inayokaribiana ukubwa. Lebo mbili.

Shuleni ilikuwa mitihani. Binti alikuwa amebakiwa na uzi wa buluu peke yake, na dukani hana muda wa kwenda. Akadarizi lebo zote mbili kwa buluu. Na kwa kuwa hakutaka kusikia neno, aliziacha juu ya cherehani mama akiwa bafuni, akaondoka zake.

Jumamosi, ukumbini, mwalimu mkuu alikunjua mfarishi wake mbele ya watu. Mtu huyo aliogopwa miaka thelathini. Akaona lebo, akaisoma kwa sauti yake ya gwaride: "Karibu duniani, kipenzi. Kua haraka." Ukumbi ukaangua kicheko. Karani wetu hakucheka. Alikuwa ameshajua lebo ya pili iko wapi.

Alikwenda mbio, viatu mkononi. Kwa muuza dawa alikuta mfarishi umeondolewa kwa mtoto, umetupwa kwenye kiti cha barazani. Bibi wa mtoto amesimama mlangoni. Hakupaza sauti. "Mmemwandikia nini mjukuu wangu?" akauliza. Lebo ilisema: "Umefanya kazi kubwa. Sasa pumzika."

Binti aliomba radhi mpaka maneno yakamwisha. Akakusanya mifarishi yote miwili, akaibwaga mezani mbele ya mama yake.

"Soma, mama. Soma hapa, mbele yangu."

Bi Pindo alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Zote buluu," akasema. "Umeniletea zote buluu. Ningejuaje?"

Hapo ndipo binti alipoelewa, taratibu, kama mtu anayeingiwa na maji ndani ya kiatu. Mama yake hakujua kusoma. Alikuwa mtoto wa kwanza kwao, akatolewa darasani mwezi wa pili tu tangu aanze shule, ili alee wadogo zake. Karani wa shule, anayeshinda na madaftari ya watoto wa watu, hakujua habari hiyo ya mama yake mzazi. Na aliyekasirika sasa alikuwa mama.

"Miaka yote hii unaniuliza miwani iko wapi," alisema. "Hujaniuliza kingine."

Akachukua wembe, akafumua lebo zote mbili, akazishona panapostahili. Mchana ule ule mifarishi ikarudishwa kwa wenyewe.

Binti akadhani mambo yamekwisha. Akanunua madaftari na kalamu. Mama akakataa. Miaka miwili alikataa, akisema hawezi kuwa mwanafunzi wa mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kuvaa viatu. Kisha siku moja, katikati ya mazungumzo mengine, akauliza jina lake ni lipi kati ya maneno ya lebo. Akalinakili kwa sindano, kisha na maneno mengine. Kalamu hakuishika kamwe. Herufi S aliiandika imegeuka, na binti alipotaka kuifumua, mama alimnyang'anya mkasi. Wakagombana pia juu ya nafasi kati ya maneno. Bi Pindo aliona ni kupoteza kitambaa. Waligombana hivyo mpaka mwaka huu.

Baada ya maziko, mtoto wake wa kiume, seremala, alifungua sanduku la mama. Ndani mlikuwa na mfarishi mmoja, wa dada yake. Dada akageuza pembe, machozi yakimlengalenga, akitafuta neno la heri. Lebo ilidariziwa na Bi Pindo mwenyewe, na nafasi ameziweka zote. Ilisema: "Usifue kwa maji moto. Nishakwambia mara ngapi."

Kaka alicheka mpaka akakaa chini.

"Mimi nilikasirika, sikufichi," binti aliniambia. "Matanga hayajaisha, bado nagombezwa. Halafu nikaisoma tena. Nikaisoma tena."

Kwako binti, kwako seremala, na kwenu wajukuu, kipindi hiki kinawapa pole ya dhati. Mungu awape subira.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, yupo mtu nyumbani kwenu ambaye mmeshachoka naye. Mnaulizana jambo lile lile kila siku, na jibu ni lile lile. Leo, kabla hamjaagana, muulizeni kingine.