Bi Hebu Tuone na Simu Zilizojifunga Jumamosi

Ijumaa tarehe thelathini, saa kumi jioni, mhakiki wetu wa maombi ya mkopo anastaafu baada ya miaka ishirini na saba na miezi mitatu ya utumishi. Hesabu hiyo ameipitia mwenyewe mara mbili. Ile ya idara ya utumishi hakuiamini, na kweli walikuwa wamempunja miezi miwili.

Alianza kazi wakati duka letu linakopesha simu za vitufe, na watu wakizining'iniza kiunoni. Leo tunakopesha simu janja, kompyuta mpakato na saa za kupima mapigo ya moyo. Yeye hakubadilika. Hebu tuone kitambulisho, hebu tuone simu ya zamani, hebu tumwone huyo mdhamini. Ndiyo maana hapa kazini hakuna anayemwita kwa jina lake.

Alikuwa na desturi ya kumpigia mdhamini huku mwombaji bado yuko kitini. Siku moja alipiga, mfuko wa mwombaji ukaanza kuita. Jamaa alitoka mbio akaacha kofia, na mpaka leo iko kabatini ikimsubiri. Mumewe mwenyewe alipotaka kompyuta, aliambiwa alete mdhamini, tena asiwe ndugu. Sisi wenzake nasi hatukupona: kila boksi tulilomkabidhi alilitikisa kwanza.

Mwaka juzi uongozi ulituletea mfumo mpya. Mkopo unaidhinishwa kwa dakika mbili, na mteja akichelewesha malipo, simu inajifunga yenyewe. Tulishangilia. Bi Hebu Tuone aliutazama kwa jicho la pembeni, akasema anayekubali haraka namna hiyo lazima ana lake.

Haukupita muda, akaja mkunga mmoja analia. Simu yake ilikuwa imejifunga Jumamosi, wajawazito wake wakampigia bila kumpata, na jina lake limeingizwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Aliapa kwamba alilipa Ijumaa jioni. Sisi tulimwona mwongo, maana hadithi hizo tumezisikia nyingi. Aliyemsikiliza ni yule yule asiyemwamini mtu. Aliichukua risiti, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akaigeuza nyuma na mbele, kisha akatuambia mama huyu amelipa.

Uongozi ulimjibu kwamba uzee unamtia wasiwasi. Hakubishana. Alijikopesha simu kwa jina lake, kwa malipo ya kila wiki. Ijumaa jioni akalipa. Jumamosi asubuhi akaiweka mezani kwa meneja, akavuta kiti, akakaa. Saa tatu kamili simu ikajifunga. Meneja aliibonyeza weee, wapi! Kumbe malipo ya Ijumaa jioni mfumo ulikuwa unayasoma Jumatatu. Watu arobaini na mmoja walitolewa kwenye ile orodha, mkunga akiwa wa kwanza, na akaandikiwa barua ya kuombwa radhi.

Aliyeandika jina la mkunga kwenye orodha hiyo ni mimi ninayeandika wasifu huu. Sikumpigia hata simu. Mashine ilisema, nami nikaandika. Bi Hebu Tuone alijua na hakunitaja kwa yeyote. Alinihamishia meza kando ya yake, na kwa mwaka mzima akanifundisha kupiga simu kabla ya kushika kalamu. Niliona aibu, na bado naiona.

Jumatatu nitakalia kiti chake. Wanasema mfumo sasa umerekebishwa. Mimi nimeshawaomba wanionyeshe.

Ahsante sana, mama, kwa kutushuku sote bila upendeleo. Tunakuombea afya, wajukuu wenye kelele za kiasi, na usingizi usio na wasiwasi, ingawa hilo la mwisho hatulitegemei. Zawadi yako ni simu. Haina mkopo: tumeilipia taslimu, tena Alhamisi, na risiti imo ndani ya boksi. Litikise tu, tumeshazoea. Iwashe Jumamosi saa tatu asubuhi, na ikiwaka, tafadhali nipigie. Nitakuwa nimekaa na yangu mkononi.