Shangazi Mashine na Wanafunzi Arobaini na Mmoja

Ndugu zangu mliofika kumsindikiza, mimi ni mtoto wa kaka yake marehemu, familia imenikabidhi karatasi hii niisome, na baba zangu wadogo wameniomba niisome kwa upole kwa sababu wakubwa wa idara wameketi mstari wa mbele, nami nimewaahidi kwamba nitajaribu.

Shangazi alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tano kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni ambako baba yake alikuwa mlinzi, akaanza shule ya msingi Januari 1978, akaingia sekondari ya wasichana na kumaliza Novemba 1988, akiongoza darasa zima kwa hisabati, na bado akaambiwa kwamba nafasi za kuendelea zimejaa. Huo ulikuwa mlango wa kwanza kufungwa usoni pake na mtu anayetabasamu. Akaenda chuo cha ufundi, akapata cheti cha umeme mwaka 1991.

Tarehe 3 Mei 1993 aliajiriwa chuo kikuu kuwa fundi wa maabara ya kompyuta, kazi yake ikiwa kufuta vumbi, kubadilisha nyaya na kubembeleza printa, na hakuna aliyemfundisha kuandika programu, alijifunza kwa kuokota karatasi ambazo wanafunzi walizikunja na kuzitupa, akazinyoosha kwa kiganja, akasoma makosa ya watu kwa miaka mitatu kabla hajafungua kitabu hata kimoja, ndiyo maana alijua mwanafunzi anakwama wapi kuliko wale walioandika vitabu.

Tarehe 9 Agosti 1997 alifunga ndoa na fundi cherehani huyu mnayemwona ameinamisha kichwa, wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza muuguzi, wa pili fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa miaka mingi nyumba hiyo ilikunywa chai kwa mabakuli, kwa sababu kila kikombe kilichonunuliwa kilihamia maabara.

Vikombe hivyo ndivyo vilivyomponza, kwa hiyo nieleze. Mwanafunzi aliyekwama alipomjia, Shangazi hakugusa kibodi, alimwambia, "Mimi ni mashine, sina akili, sina huruma, sikisii, haya nisomee ulichoandika," kisha akapanga vikombe mezani, kila kikombe mahali pa kuwekea namba, akahesabu maharagwe ndani yake, akafanya kile tu kilichoandikwa, mstari kwa mstari, na yule aliyesahau kuiambia programu ikome wapi alimtazama mwanamke mwenye umri wa mama yake akiizunguka meza, raundi ya kumi, raundi ya ishirini, wenzake wakishika mbavu, hadi mwenyewe akapiga kelele, "Shangazi, basi, simama!" naye akamjibu bila kupunguza mwendo, "Imeandikwa wapi, mwanangu?" Aliyeona hivyo hakulirudia kosa lile. Wakamwita Shangazi Mashine, na wahadhiri nao waliwaelekeza kwake kwa kidole, "Nendeni kwa yule fundi," halafu matokeo yakiwa mazuri walipongezana wenyewe kwa wenyewe.

Tarehe 6 Juni 2023 chuo kilianza kutumia programu ya kulinganisha kazi za wanafunzi ili kuwanasa wanaonakiliana, ikawanasa arobaini na mmoja, kwa sababu wote, ndani ya programu walizoandika, waliziita namba zao kikombe cha kwanza, kikombe cha pili, kama walivyojifunza kwenye meza yake, ingawa kazi zenyewe, hatua kwa hatua, hazikufanana, na mwenye macho angeziweka mbili tu sambamba akaona. Kamati haikuziweka sambamba. Iliandika sifuri arobaini na moja, ikamwondoa Shangazi maabara kwa barua ya mistari minne iliyosema amegawa majibu, na mwenyekiti wa kamati hiyo, mkuu wa idara, ambaye umri wake nauheshimu, alimwambia mbele ya katibu wake, "Mama, wewe ni fundi wa nyaya, ya kufundisha tuachie sisi." Miaka thelathini, ndugu zangu, halafu hayo.

Shangazi aliandika barua Julai, akaandika Septemba, akaandika Novemba, hakuomba kurudishwa kazini, aliomba jambo moja, kila mwanafunzi aitwe na kazi yake, aieleze kwa mdomo wake, dakika kumi, aliyenakili atajiumbua mwenyewe. Dakika kumi mara arobaini na moja ni siku moja ya kazi. Wakamjibu kwamba kamati haina muda.

Februari 2024 figo zake zilianza kushindwa, tarehe 11 Machi akalazwa hospitali ya rufaa, wodi namba tatu, na hatusemi kwamba barua ilimuua, madaktari wameandika figo nasi kusoma tunajua, tunasema tu kwamba kila aliyekwenda kumjulia hali aliulizwa kwanza, "Watoto wameitwa?" nasi tukajibu bado, tukajibu bado, hadi tukaona haya kujibu. Alifariki tarehe 19 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomweleza kila dawa mpaka akaielewa, majirani waliompikia mumewe wakati marehemu amelazwa, na wafanyakazi wenzake, yaani wafagizi, walinzi, mafundi, na wahadhiri wawili waliotia sahihi barua zake wakaonywa kwa kufanya hivyo. Idara imeleta shada na barua inayomwita nguzo. Shada tumelipokea, maua hayana kosa. Barua tunairudisha, kwa sababu nguzo gani hii inayopigwa mateke ikiwa imesimama na kusifiwa ikishalala.

Mkuu wa idara, baba yetu, hatukufukuzi, tunakuomba ubaki. Wanafunzi thelathini na wanane kati ya wale arobaini na mmoja wamesimama nyuma pale, kila mmoja na kazi yake mkononi, na tukitoka makaburini tumekuandalia meza na viti viwili katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu, wataingia mmoja mmoja, dakika kumi kumi, nawe mwenyewe umetuambia asubuhi kwamba kwa heshima yake umechukua ruhusa ya siku nzima.

Pumzika, Shangazi. Sisi leo hatupumziki.