Mistari Arobaini na Mitatu

Kibarazani kwa Marcelo, fundi cherehani wa pale Nkoma, kulikuwa na benchi lenye wenyewe. Asubuhi ile ya mwaka 1954 walikaa watatu na birika la kahawa: Marcelo, aliyeitwa Pindo, Mashimba, aliyekwenda vitani Burma akarudi akiitwa Bama, na Nkinda, mchuuzi wa ng'ombe, ambaye wote walimwita Mnada. Mimi nilisimama mbele yao, viganja vimechubuka. Amri ilikuwa miti yote ya pamba iliyokwisha kuvunwa ing'olewe na kuchomwa kabla bwana shamba hajapita, naye angepita saa nane mchana. Asiyemaliza alipelekwa barazani kuhukumiwa, na wengi walitokea huko kwenda kifungoni. Mama yangu, Nyamizi, alikuwa na homa siku ya tano. Tangu baba afariki na mimi kuacha shule, tulikuwa wawili tu. Nilikuja kuomba watu wa kunisaidia kung'oa.

— Kaa kwanza, ng'wanawane, alisema Bama. Jambo hili linataka mpango.

— Mpango gani? Mnada akadakia. Bwana shamba ni kama mnunuzi wa ng'ombe. Mwonyeshe dume lililonona, hakagui zizi zima. Mtoto asafishe mistari ya njiani tu.

— Ndiyo maana unauza ng'ombe wenye kikohozi, Pindo akasema.

— Nani kakwambia wana kikohozi?

— Wanajitangaza wenyewe. Sikiliza. Kaptula ya bwana shamba nimeishona mimi. Nitamwita aje apimwe nyingine, nimzungushe na futi mpaka jua lizame.

— Mchezo huo! Bama akapiga goti lake. Kule vitani tulificha mizinga mikubwa kama nyumba. Tunakata matawi, tunafunika shamba lote, anaona kichaka.

— Wewe kule ulikuwa mpishi, Mnada akamwambia.

Bama akasimama. Kahawa ikamwagika.

— Rudia.

— Wazee, nikasema, jua linapanda.

— Nyamaza, mtoto, Bama akanikemea. Wakubwa wanazungumza.

Hapo akatokea Generoza, mchuuzi wa samaki kutoka Lamadi, tenga kichwani.

— Wangaluka. Mnagombania nini?

Wakamweleza wote watatu kwa pamoja, kila mmoja akisifu mpango wake. Alisikiliza mpaka wakaishiwa pumzi.

— Sasa hilo shamba, imebaki sehemu kubwa kiasi gani?

Pindo alimtazama Bama. Bama alimtazama Mnada. Mnada akatazama ndani ya kikombe chake. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

— Mistari arobaini na mitatu, mayu, nikasema.

Generoza akashusha tenga, akaliweka juu ya benchi pale Bama alipokuwa amekaa.

— Niangalizieni paka wasile samaki.

Akajifunga kanga kiunoni, tukaondoka. Sikugeuka nyuma.

Tulikuwa tumeanza mstari wa tatu niliposikia sauti za wale wazee watatu njiani, zikija shambani, kali kuliko mwanzo. Walikuwa wakibishana nani arudi kulinda samaki.