Ishmael Wekulo Khamala na Benchi la Watu Wawili

Wasifu huu unasomwa na binti yake, Lenah, Kawangware, Ijumaa tarehe 14 Novemba 1986, kabla ya safari ya kwenda Kimilili

Marehemu Ishmael Wekulo alizaliwa tarehe 6 Machi 1932 karibu na Kimilili, sehemu za Bungoma, mtoto wa tatu wa Mzee Khamala na Mama Rasoa. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kubishana kabla hajajua kutembea vizuri, na kwamba ukimnyima kitu hakulia, aliuliza sababu. Familia inaomba mvumilie. Wasifu huu ni mrefu kuliko tulivyozoea, na una sehemu ambayo haisomwi kwenye matanga ya watu. Sehemu hiyo aliiagiza mwenyewe, na mtu akiikasirikia, amkasirikie yeye.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1941 hadi 1948 na kufaulu vizuri sana. Nafasi ya kuendelea na masomo ilikuwa moja tu mwaka huo, nayo ilikwenda kwa mtoto wa karani ambaye alama zake zilikuwa chini. Ishmael alipewa mkono wa pole na kuambiwa kuna mafunzo ya useremala. Kisa hicho alikisimulia maisha yake yote. Sisi watoto tulikijua kwa moyo, hata jina la yule karani, ambalo Mama alimkataza kulitaja mezani. Useremala alihitimu mwaka 1953, na hata waliomchoka kwa maneno hawakuwahi kuichoka kazi ya mikono yake.

Tarehe 15 Desemba 1956 alimuoa Jentrix Nasipwondi, na mwaka 1958 wakaja Nairobi, wakapanga chumba Silanga, kule Kibera. Alifanya kazi katika karakana ya fanicha Industrial Area hadi mwaka 1974, alipoachishwa kazi pamoja na wenzake thelathini siku moja, asubuhi moja, kwa tangazo lililobandikwa mlangoni. Mwaka 1976 alihamia hapa Kawangware na kujenga kibanda chake cha kazi. Wengi mlioko hapa mnalala kwenye vitanda vyake mpaka leo.

Benchi mnaloliona hapa mbele lilitengenezwa Silanga mwaka 1970. Kanisa lilikuwa limeagiza mabenchi sita kwa ajili ya kwaya ya akina mama. Siku ya kulimaliza la sita, marehemu alikuwa akibishana na mteja kama kazi ni haki ya mtu au ni bahati yake, na kwa moto wa maneno akapima miguu kutoka alama isiyo yake. Miguu ikakaribiana mno katikati. Jumapili iliyofuata mwimbaji wa sauti ya kwanza alisimama kuanza wimbo, na mwenzake wa upande wa pili akaenda chini na kitabu cha nyimbo mkononi. Mwenzake huyo alikuwa Mama Jentrix. Kanisa lilirudisha benchi, na Mama hakumsemesha mumewe mpaka Jumatano.

Mtu mwingine angelipasua liwe kuni. Yeye alilibeba begani hadi kwenye uwanja mdogo karibu na nyumba yetu na kuanzisha mdahalo wa Jumapili alasiri. Sheria yake ilikuwa moja. Wanaopingana wanakaa benchi moja, kila mmoja mwisho wake, na hakuna anayesimama kabla ya mwenzake kukubali kusimama naye. "Ukikasirika, kasirika ukiwa umekaa," aliwaambia. "Ukiinuka peke yako, ujue umemwangusha mtu." Kila mwezi alikwenda ofisi ya chifu kuchukua barua ya kibali, na kila Jumapili askari wa chifu alisimama nyuma akisikiliza. Watu walibishania kama kazi ziende kwa mwenye cheti au kwa mwenye watoto wengi. Mwaka 1979, waajiri walipotakiwa kuongeza wafanyakazi kwa asilimia kumi, walibishana Jumapili nne mfululizo kwamba hiyo kumi itapita mlango gani. Marehemu alikuwa na jibu ambalo hakulibadilisha hata siku moja: kazi igawanywe kwa foleni, aliyetangulia atangulie, bila kuulizwa kwao ni wapi.

Mpinzani wake mkubwa, na rafiki yake mkubwa, alikuwa Benard Amolo wa Silanga, fundi wa mabati, mzaliwa wa Ugenya. Amolo alishikilia kwamba foleni ni nzuri mpaka mwenye foleni apate ndugu. "Omera, ndugu yangu, wewe ni mtu mzuri," alimwambia mara nyingi, "lakini bado hujajaribiwa." Watu walicheka, na marehemu alicheka kuliko wote. Midahalo ilihamia Kawangware pamoja naye, na Amolo alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Silanga kila Jumapili ili tu aje kumpinga.

Mwaka 1984, mwaka wa njaa na unga wa manjano, kazi zilikauka mjini kote. Mwezi wa nane msimamizi wa mjengo mmoja mkubwa alimjia marehemu na kumwambia kwamba amesikia sifa zake za haki. Alitaka majina ishirini na manne ya mafundi na vibarua. Marehemu alitangaza Jumapili kwamba majina yataandikwa kwenye daftari kwa foleni, mbele ya kila mtu. Aliyeyaandika ni Lenah, anayesoma mbele yenu sasa, wakati huo mwalimu wa mwaka wa kwanza hapo Riruta. Jina la Benard Amolo lilikuwa la tatu.

Orodha iliyofika kwa msimamizi haikuwa na Benard Amolo. Badala yake palikuwa na jina la Lusweti, mdogo wake marehemu, aliyekuwa ameshuka kutoka Kimilili siku mbili kabla na hakusimama kwenye foleni yoyote. Marehemu aliinakili orodha ile kwa mkono wake. Lenah aliiona mezani kabla haijapelekwa. Alilijua daftari, alijua kilichobadilika, na alinyamaza kwa sababu aliyeibadilisha alikuwa baba yake.

Siku ya Jumapili, tarehe 23 Septemba 1984, swali la mdahalo lilikuwa: Nchi ikiinuka kutoka kwa njaa hii, nani ainuke kwanza? Marehemu aliongea vizuri sana siku hiyo. Aliongea juu ya foleni. Amolo alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameweka mikono magotini, kisha akauliza bila kupaza sauti:

"Wekulo, ile list uliandikia kwa benchi gani?"

Hakuna aliyecheka. Marehemu alimwambia aseme waziwazi kama ana neno.

"Nimesema. Mimi nilikuwa namba tatu. Muulize huyu msichana wako, ndiye aliandika."

Watu wote walimgeukia Lenah. Lenah alitazama chini. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, Ishmael Wekulo aliinuka peke yake.

Amolo alianguka juu ya mkono wake wa kulia, na tulisikia mfupa. Hospitalini ulifungwa, lakini ulipofunguliwa ulikuwa umepinda, na tangu siku hiyo hajaweza kushika nyundo kwa saa nzima. Familia yake imelishwa na makaa na sukuma wiki anayouza mkewe, Seline Akoth, pale Silanga.

Mdahalo haukufanyika tena. Watu walisema chifu ameufunga, na wengine wakasema anayejua umefungwaje ni Amolo, kwamba ndiye aliyekuwa akipeleka maneno kwa wakubwa na ndiyo sababu alitafuta fujo. Mnajua wenyewe, miaka hii, mtu akishaitwa hivyo anaishi namna gani. Watu waliacha kumpa kazi hata ndogo ambazo mkono wake ungeziweza. Wengine waliacha kumsalimia. Ukweli ni kwamba chifu hakufunga kitu. Barua ya kibali ya mwezi wa kumi ilikuwa imeandikwa na kugongwa muhuri. Marehemu hakwenda kuichukua. Aliyasikia yote yaliyosemwa juu ya rafiki yake, na hakusema hata neno moja, yeye aliyekuwa na neno juu ya kila kitu.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kuugua kifua. Alilazwa mara mbili. Alipoona kwamba safari hii hatarudi kwenye kibanda chake, alimwita Lenah, akamtuma alete daftari la majina na barua ile ya kibali, ambayo aliiendea baadaye sana na kuificha chini ya sanduku la vifaa. Alizungumza kwa shida, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Msinisifu," alisema. "Semeni nilisimama. Semeni Amolo hakupeleka maneno popote. Mimi niliogopa kurudi kukaa naye, basi." Lenah alimuuliza kwa nini asimwite Amolo amwambie mwenyewe. "Nilimwangusha mbele ya watu," alijibu. "Nikimwinua hapa kwa kitanda, nani ataona?" Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba, saa nne asubuhi, Mama Jentrix akiwa amemshika mkono.

Hatutaficha kwamba sehemu hii imeigawa familia. Lusweti, ambaye leo ni msimamizi msaidizi katika kazi aliyoipata kwa orodha ile, alisema kikaoni kwamba matanga si mahakama. "Mkisoma hiyo kitu, mimi sishiki jeneza," alisema. "Mtu amekufa, mnataka nini tena? Mnataka nipoteze kazi?" Ni ndugu yetu, ana watoto watano, na hofu yake ni ya kweli. Lenah naye aliogopa. Aliandika wasifu mwingine, mfupi, mzuri, wenye tarehe tu, akampelekea Mama. Mama aliusoma wote, akaukunja, akauweka chini ya sufuria ya chai. "Huyu simjui," alisema. "Andika yule nilikaa naye."

Jumanne Lenah alikwenda Silanga. Alimkuta Mzee Amolo mlangoni, akipanga makaa kwa mkono wa kushoto. Alimpa habari, akamwomba aje.

"Pole, mwanangu," alisema Amolo. "Kuja nitakuja. Lakini siwezi kuingia nikae na watu wanaoniita kile wananiita. Nitasimama kwa gate. Nikisikia imesemwa, nitaingia. Nisiposikia, nitarudi kwangu, na usinilaumu."

Lenah alimwomba msamaha kwa kutazama chini siku ile. Amolo alimpa kiti.

Marehemu Ishmael Wekulo ameacha mjane, Jentrix Nasipwondi, watoto wanne, Lenah, Khamala, Jotham na Respah, wajukuu watatu, na ndugu yake Lusweti, ambaye nafasi yake kwenye jeneza, mbele kushoto, haijapewa mtu mwingine. Ameacha pia daftari na barua, na vyote viwili viko juu ya meza hii kwa yeyote anayetaka kuvisoma kwa macho yake.

Ameacha na benchi. Miguu yake haijawahi kurekebishwa. Mama Jentrix ameomba akae hapo wakati wa ibada, na ndiyo maana mnamwona amesimama mwisho wake wa kulia tangu tuanze, kwa kuwa benchi hilo halikaliki na mtu mmoja.

Mungu ampokee Ishmael Wekulo na kumpumzisha, pamoja na yote mema aliyoyafanya na hili aliloshindwa kulifanya.

Mzee Amolo, hapo ulipo kwenye gate: imesemwa. Mama amechoka kusimama.