Kwa Mchopa au Kwa Biti Namkumba

"Babu yako alilikuta bonde lina jina tayari, mzee!" alifoka Bi Raudha, nami nikasogeza sikio. Yeye na Mzee Bwanali ni majirani, na tangu gari litoke Nachingwea hawakuwa wamepumua. Mpima ardhi anachora ramani ya kijiji chao, na bonde lililo kati ya vilima vyao litapewa jina moja tu. Mzee anataka Kwa Mchopa, babu yake aliyefyeka pori. Bi Raudha anataka Kwa Biti Namkumba, bibi yake aliyechimba kisima akazikwa hapohapo.

"Kufyeka ndiyo kazi," alisema Bwanali. "Kuchimba hata ngiri anachimba."

"Na hao wafyekaji walikunywa nini, umande?"

Gari zima tulicheka. Bi Raudha mwenyewe hakucheka. "Kaburi la bibi halina hata jiwe. Jina likipotea, wajukuu nitawaonyesha nini? Mikorosho yako?"

Bwanali alitazama nje. Alikuwa anatafuta njia ya kwake. "Konda, shusha!" Kisha akamuuliza Bi Raudha kwa upole ulionitia wasiwasi, "Wewe si unashuka hapa?"

"Naenda Ruangwa, nikamwone mpima ardhi ofisini."

"Hayupo. Nimemwacha kwangu asubuhi. Jogoo keshachinjwa."

Bi Raudha alinyakua kikapu chake, akaturuka magoti, akatangulia kushuka.

"Haya, karibu ule, jirani," mzee alimwambia kwa nyuma, na gari likaondoka na mimi ndani.